Barua kwa mwanangu: ile bangi, na fomu ya kibali

Mwanangu,

Umeniuliza kama bangi uliyovuta mwaka wa mwisho wa chuo, kule Colorado, Marekani, itakukosesha kibali cha usalama, ile ruhusa ya kufanya kazi inayogusa siri za serikali. Unasema ilikuwa halali, uliinunua dukani. Duka ni la jimbo. Kibali ni cha serikali ya shirikisho, na fomu ya kukiomba, SF-86, inakuambia wazi ujibu kwa sheria ya shirikisho.

Sehemu ya 23, ya dawa za kulevya, inauliza juu ya miaka 7 iliyopita. Utaandika mwezi na mwaka wa mara ya kwanza na ya mwisho, ulitumia mara ngapi, na kama unakusudia kutumia tena. Hapo kwenye kukusudia ndipo vijana hujimaliza. Mtumiaji wa sasa sheria haimruhusu kabisa kupewa kibali. Mambo ya zamani ni habari nyingine: Desemba 2021 Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa alielekeza kwamba bangi ya zamani izingatiwe, ila peke yake isikate shauri. Hata hivyo, ukishaanza kujaza fomu, usiiguse tena.

Lakini mimi hainisumbui bangi. Linanisumbua lile la mjomba wako.

Alivuta mara mbili. Mara mbili tu! Akajaza "Hapana" kwa kuogopa polisi, na ukurasa uleule unasema jibu la kweli la sehemu hiyo halitatumiwa kama ushahidi dhidi yako katika kesi ya jinai. Hakuisoma ile aya. Mpelelezi akaenda kwa mtu aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja, naye akasema bila kinyongo. Toka hapo, katika miongozo wanayotumia kuamua nani apewe kibali, shauri likatoka Mwongozo H, wa dawa za kulevya, ambako muda unakusaidia, likaingia Mwongozo E, wa mwenendo, ambako swali ni kama neno lako linaaminika. Akaletewa Taarifa ya Sababu, yaani barua ya kueleza kwa nini wanataka kumnyima kibali, na siku 20 za kujibu. Angejibu nini? Ndiyo maana nasema kila siku: andika. Bangi ina muda wake wa kupoa. Uongo juu ya fomu ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 5.

Kuna na mirungi ya harusi ya Mombasa. Kenya ni halali, na swali ni la matumizi yaliyo kinyume cha sheria, kwa hiyo waweza kusema haikuhusu. Nami nilisema hivyo. Halafu nakumbuka kathinoni iliyomo kwenye majani mabichi Marekani imewekwa Jedwali la Kwanza, orodha ya dawa zinazobanwa kuliko zote, pamoja na heroini. Basi iandike kwenye nafasi ya maelezo: wapi, lini, halali pale. Sentensi mbili zatosha. Andika.

Pombe haina mambo mengi. Bia za karamu hawaziulizi. Sehemu ya 24 inauliza kama kwa miaka 7 pombe imeharibu kazi, nyumba au fedha zako, au imekukutanisha na polisi, na kama umewahi kupata ushauri wa kuiacha. Kwenda kwa mshauri kwa hiari yako kunahesabiwa upande wako. Ila shitaka lolote la pombe au dawa huingia sehemu ya 22, nalo halina ukomo wa miaka. Mwambie kaka yako, kwa ile kesi yake ya kushika usukani amelewa, maana najua naye anaitaka kazi hiyo.

Je, watakupa? Hakuna mahali palipoandikwa idadi ya miezi ya kuacha. Wanapima ulitumia kwa muda gani, ulikuwa na umri gani, kama bado unakaa na wale wavutaji, na kama umetia sahihi ahadi ya kuacha, ukijua kwamba ukiivunja kibali kinaweza kuondoka. Ingekuwa juu yangu... basi, haiko juu yangu.

Nitumie tarehe zako Jumapili, tuzipitie sehemu za 22, 23 na 24 kabla hujatia sahihi. Na yule unayekaa naye chumba kimoja, mwambie mpelelezi atampigia.

Baba