Mboga kwenye ndoo: maswali yenu ya mwezi huu

Maswali ya safari hii mengi yanalalamikia majani na matunda, ila nikiyasoma naona karibu yote shida iko chini kwenye mizizi, basi kabla hujakimbilia dukani kununua dawa soma kwanza.

Dada habari za kazi. Nina nyanya kwenye ndoo za lita 20 pale kibarazani, zimestawi na zimezaa sana, lakini kila tunda likianza kunenepa linatoka doa kule chini, linakuwa jeusi limedidimia kama kipande cha ngozi. Jirani ananiambia ni ugonjwa ning'oe zote zisije zikaambukiza pilipili hoho. Ning'oe?

Using'oe mdogo wangu, tafadhali! Hiyo inaitwa kuoza kitako na haiambukizi hata kidogo, sio fangasi wala bakteria, kwa hiyo ukipuliza dawa ya fangasi unatupa hela tu. Kinachotokea ni kwamba tunda limekosa kalsiamu wakati linakua, na kalsiamu inasafiri ndani ya mmea pamoja na maji, sasa ukimwagilia leo mpaka yatiririke halafu siku mbili ukasahau udongo ukakauka kabisa halafu ukaja tena na ndoo nzima, safari inakatika katikati. Majani yanapoteza maji mengi juani kwa hiyo yenyewe ndo yanavuta kwanza, tunda linabaki na kidogo, na kitako ambacho kiko mwisho kabisa wa njia ndo kinakufa. Mara nyingi kalsiamu yenyewe ipo kwenye udongo, tatizo ni haifiki.

Kwa hiyo dawa yako ni maji ya mpangilio. Kila asubuhi chomeka kidole kwenye udongo kama sentimita 3, ukikuta pakavu mwagilia polepole mpaka uone maji yanatoka kwenye matundu ya chini, ukikuta unyevu acha. Joto likiwa kali na mmea umeshakuwa mkubwa inaweza kufika mara mbili kwa siku, usishangae, ndoo inakauka haraka kuliko ardhi. Juu ya udongo tandaza majani makavu unene wa sentimita 3 hadi 5 yazuie jua lisinyonye unyevu. Na ndoo moja mche mmoja!! Najua inauma kung'oa mche mzima ila miwili kwenye lita 20 itagombania maji kila siku. Punguza pia mbolea zenye naitrojeni nyingi, zinasukuma majani yawe mengi na hayo majani ndo yanayolinyang'anya tunda maji. Maganda ya mayai wengi wanayasifia, lakini yanachukua muda mrefu mno kuoza, msimu huu hayatakuokoa. Matunda yenye doa hayaponi, yachume yote, yatakayotunga baada ya hapo ndo uyaangalie.

Ni kweli lazima niweke kokoto chini ya kopo ili maji yatoke vizuri?

Hapana kaka, japo karibu kila mtu anafundishwa hivyo. Maji hayashuki kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake uwe umeshiba kabisa, yani ile sehemu ya tope umeipandisha juu karibu na mizizi na umepunguza nafasi ya udongo. Toboa matundu kadhaa ya upana wa kidole, weka kipande cha wavu udongo usimwagike, jaza udongo toka chini bila kokoto, alafu inua kopo juu ya vipande vya tofali ili matundu yasizibwe na sakafu.

Nilichota udongo mzuri mweusi shambani nikapanda spinachi kwenye beseni. Sasa umekuwa mgumu kama saruji, maji yanasimama juu na majani yanageuka njano. Niongeze urea?

Urea iache kwanza. Udongo wa shamba ukiwa shambani una minyoo na nafasi ya kupumua, ukiubana kwenye beseni na kuumwagilia kila siku chembe zake zinashikana, hewa inaisha, na mzizi usio na hewa hauwezi kula hata ukiuwekea mbolea ya aina gani. Ndo maana majani ni ya njano wakati udongo umejaa chakula.

Changanya upya: udongo sehemu moja, mboji iliyoiva sehemu moja, na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyosagwa au mchanga mkubwa. Kisha upime kwa mkono. Loanisha kidogo, shika konzi, kamata kwa nguvu, fungua kiganja. Donge likibaki zima hata ukiligusa kwa kidole, mchanganyiko bado mzito ongeza makumbi, likipasuka taratibu kwa kuguswa basi hapo panda bila wasiwasi. Samadi mbichi hapana, inaunguza mizizi na ina vijidudu ambavyo hutaki vifike kwenye mboga za kuliwa mbichi, tumia iliyooza vizuri. Spinachi yenyewe haihitaji kina kirefu, sentimita 20 inamtosha.

Giligilani yangu ikitoka tu inakimbilia maua. Nakosea wapi?

Joto linaharakisha maua, na kuhamisha miche kunaongeza kasi hiyo maana ina mzizi mmoja mrefu haupendi kusumbuliwa. Panda mbegu palepale itakapokaa, kina cha sentimita 1. Ile mbegu ya duara ndani yake ziko mbili, ibonyeze kidogo kwa chupa ipasuke, kisha subiri, inaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu usije ukaimwaga. Iweke inapopata jua la asubuhi na kivuli mchana, na kila baada ya wiki mbili panda nyingine kidogo ili usikaukiwe. Zilizotoa maua ziache zikomae uvune mbegu.

Naweza kupanda nanaa, rehani na rozimari kwenye boksi moja refu?

Nanaa mpe chombo chake peke yake, mizizi yake inatambaa itawafunika wenzake wote. Rozimari anataka udongo ukauke kati ya maji na maji, rehani hataki kukauka, kwa hiyo ukiwaweka pamoja mmoja lazima ateseke. Vyombo vitatu vidogo.

Ndoo zilizokuwa na rangi ya ukutani zinafaa?

Mi singepanda chakula humo, na iliyobeba dawa za shamba au kemikali usiitumie kabisa hata ukiisugua vipi. Tafuta iliyobeba chakula, ioshe kwa sabuni, toboa, jaza udongo.