Anza na soketi, rangi itasubiri: kwa wanaotaka kubuni ofisi ya kuchangia ya wabunifu

Ukuta wa kwanza niliobuni kwenye ofisi ya kuchangia, ile ambayo watu wa kazi mbalimbali hulipia meza chini ya paa moja, ulikuwa wa chungwa. Chungwa lililoiva, sakafuni hadi darini, kwa sababu ndiyo ilikuwa rangi ya nembo na mwenye mradi alitaka mtu aione kupitia dirishani akiwa bado barabarani. Picha za ufunguzi zilipendeza mno. Wiki ya tatu, dada mmoja anayehariri picha za harusi akaja na albamu iliyotoka kuchapwa, akaifungua mezani kwangu bila kusema neno. Bibi harusi alikuwa na uso wa bluubluu, kama katolewa kwenye friji.

Mchapaji hakuwa na kosa. Meza ya yule dada ilitazamana na ule ukuta. Jua la mchana likigonga chungwa lilirudi kwenye kioo cha kompyuta na machoni mwake, kila sura ikaonekana imezidi wekundu, naye akawa anapunguza, anapunguza. Tulipaka kijivu upande wote wanakokaa watu wa picha na video. Chungwa likahamia kwenye korido ya kwenda chooni. Tangu hapo, rangi kali ya nembo naiweka watu wanapopita, siyo wanapokaa.

Nimeanza na aibu hiyo kwa sababu wadogo zangu wengi wanaoingia kwenye kazi hii wananiletea kwanza rangi, nembo na picha za viti walizookota mtandaoni. Mimi nawauliza umeme unaingilia wapi.

Sikilizeni. Neno "inayobadilika" ndilo mteja atakalokuambia mara kumi kabla chai haijapoa. Anataka asubuhi pawe ofisi, mchana darasa, jioni maonesho. Sawa. Utamnunulia meza za magurudumu, halafu soketi zote ziko kwenye ukuta mmoja. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na meza hizo zitakula kwa urefu wa ekstensheni. Ndani ya mwezi zimejipanga mstari mmoja ukutani na hakuna anayezisogeza tena. Kupasua zege ili kuweka soketi za sakafuni ni gharama, na nyumba yenyewe mara nyingi ni ya kupanga. Mimi nashusha waya kutoka darini kwenye bomba, kila baada ya mita mbili au tatu, zikining'inia usawa wa mkono. Si pazuri sana machoni, lakini meza inakaa popote.

Mwambie fundi umeme kompyuta ziwe na laini yake, viyoyozi yake, na jikoni yake. Birika la umeme linakula kama kilowati mbili. Likiwashwa kwenye laini moja na kompyuta za wahariri, swichi inajikata, na mtu aliyekuwa dakika ya arobaini ya kutoa video hatakusamehe. Na namba ya mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, iandike ukutani, mapokezi, kwa herufi kubwa. Watu kumi na wanane tumewahi kukaa gizani karibu saa nzima kwa sababu namba ilikuwa kwenye simu ya mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa msibani.

Sasa sauti. Hapa ndipo ofisi nyingi zinapofia, na ndipo pesa nyingi hupotea bila faida. Wabunifu si watu wa aina moja. Mchora katuni anataka redio. Mwandishi anataka kimya cha makaburini. Mtangazaji wa matangazo ya biashara anasema sentensi moja mara thelathini. Ukiwaweka chumba kimoja chenye sakafu ya vigae na dari ya jipsamu, kila neno linarukaruka kama mpira. Mteja atakuambia, "Tubandike zile sponji nyeusi." Elewa kazi ya sponji: zinameza mwangwi wa ndani ya chumba. Sauti ya saluni ya jirani hazizuii hata kidogo. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba nyufa: ukuta wa tofali, mlango wa mbao nzima, mpira kuzunguka fremu, na ule ufa wa chini ya mlango uzibwe. Nimeona chumba cha kurekodia kilichotumia mamilioni kwenye sponji huku chini ya mlango unapita mkono.

Njia ya bei rahisi ni mpangilio. Weka stoo, choo na makabati katikati ya watu wa kelele na watu wa kimya. Pazia zito lenye mikunjo husaidia mwangwi, na hata rafu za vitabu. Pangaboi ni zuri kwa joto la Dar, ila kwenye kurekodi linasikika, kwa hiyo lipe swichi yake. Na kabla mteja hajasaini mkataba wa nyumba, nenda ukakae pale na kiti chako Ijumaa mchana, Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi. Dalali atakupeleka Jumanne saa nne, muda ambao mtaa mzima umelala.

Simu nilizitatua kwa baraza. Nyumba za Waswahili, Unguja mpaka Lamu, zilishajua jambo hili kitambo: mgeni anapokewa nje, kwenye benchi la mawe, mambo ya ndani yanabaki ndani. Tulijenga la saruji mbele ya mlango, chini ya paa, upana wa kutosha mtu kuketi na kompyuta pajani. Wenye simu wanatoka. Wateja wanasubiri hapo bila kupita katikati ya kazi za watu ambazo hazijakamilika, na hilo kwa wabunifu wa matangazo ni jambo zito, maana wanahudumia makampuni yanayoshindana. Sikuwa nimelipangia bajeti ya maana. Likawa ndilo linalojaa kuliko vyumba vyote.

Kuhusu jua nitasema moja tu: madirisha ya mashariki na magharibi yanaingiza jua la chini moja kwa moja kwenye vioo vya kompyuta. Kaa ubavu na dirisha, usilipe mgongo wala uso.

Kubadilika kwenyewe kulizaliwa kwa shida. Brad Neuberg, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa ofisi hizi, alianza San Francisco mwaka 2005 kwa siku mbili kwa wiki kwenye jengo la watu wengine, na meza za kukunja ambazo jioni lazima ziondolewe. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Kipimo changu kinatoka humo: watu wawili wageuze ukumbi kutoka ofisi kuwa darasa kwa dakika kumi, bila kumwita fundi. Meza ya sentimita 120 kwa 60 mtu mmoja anaisukuma. Ya mita mbili ya mninga ni nzuri sana na itabaki pale hadi mkataba uishe. Magurudumu yawe makubwa, ya mpira, yenye breki. Halafu swali ambalo kila mtu hulisahau: viti ishirini vilivyopangwa juu kwa juu vinakaa wapi wakati wa maonesho? Kama huna stoo, vitakaa kwenye picha za maonesho.

Nyumba mmelipia kodi ya mwaka mzima, wateja wanalipa kwa siku. Pengo hilo hilo la mikataba mirefu na wateja wa muda mfupi ni sehemu kubwa ya kilichoifikisha WeWork, kampuni ya Marekani ya kukodisha ofisi za kuchangia, mahakamani kuomba kinga ya kufilisika mwaka 2023, ikiwa na majengo duniani kote. Kwa hiyo usimzike mteja kwenye kuta za tofali atakazomwachia mwenye nyumba. Na bei ziite vifurushi: cha siku, cha wiki, cha mwezi, cha usiku. Mtu anayenunua bando kila asubuhi hahitaji maelezo. Tulipoandika "ngazi za uanachama" watu waliuliza kama ni chama.

Nembo sasa. Kabla hujamuonyesha mteja kwenye skrini, ipeleke kwa mtengeneza mihuri. Yangu ya kwanza ilikuwa na mistari myembamba, kama nyuzi za mkeka. Mzee mmoja Kariakoo aliishika, akaisogeza mbali na macho, akaniambia, "Mwanangu, hii ikila wino mara tatu inakuwa doa." Alikuwa mkarimu, ilikuwa doa mara ya kwanza. Biashara hapa kwetu inapiga muhuri kwenye ankara, risiti na mikataba. Nembo isiyostahimili muhuri na uzi wa kofia ni pambo. Ifanye isomeke kwa rangi moja, kwa ukubwa wa sarafu.

Jina ni gumu zaidi. Angalia waliopatia. Nafasi Art Space ya Mikocheni, iliyoanza 2008 na yenye studio za makontena, ilichukua neno lenye maana mbili na zote ni zake: mahali, na fursa. Nairobi, kituo cha sanaa cha GoDown cha mwaka 2003 kilijiita kile kilichokuwa, godauni, na hakuna aliyehitaji kufundishwa kulitamka. Jaribu jina lako kwa kumpigia bodaboda na kumwelekeza. Akisema "wapi?" mara mbili, rudi mezani. Na usajili wa jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, usidhani ndiyo alama ya biashara. Hiyo ina maombi yake na ada yake, na ya Bara haivuki bahari, Zanzibar unaenda BPRA, wakala wa huko.

Ofisi yetu ya chungwa ilikuwa na jina refu la Kiingereza, maneno matatu, nilichagua mimi na nilijivunia. Hakuna aliyelitumia. Miezi mingi baada ya kupaka kijivu, bado namsikia dereva akiuliza kwenye simu, "Pale kwenye chungwa?" na mteja anajibu, "Hapo hapo." Mwenye mradi alikwenda dukani akanunua kopo la lita nne, akapaka geti.