Maswali na majibu: sprinti, msimamizi na daftari la dirishani

Barua za safari hii zimetoka vyuoni, kwa wanafunzi wa kompyuta na kwa watu wa vitengo vya TEHAMA. Karibu zote zinauliza kuhusu ajaili (agile), yaani kujenga programu kidogo kidogo na kumwonyesha mtumiaji kila hatua. Nimechagua saba.

Ni kweli ukifanya ajaili huandiki nyaraka? (Mwanafunzi, Mbeya)

Si kweli. Swali hili linanifikia kila muhula, na kila anayeliuliza hajasoma ukurasa mmoja ulioanzisha jambo lenyewe. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, Utah, Marekani, wakaandika kwamba wanathamini programu inayofanya kazi kuliko nyaraka zilizosheheni kila kitu. Chini yake wakaeleza kwamba hata hizo nyaraka zina thamani. Someni mpaka mstari wa mwisho. Mradi usio na maelezo ya namna ya kuuwasha kwenye seva hufa siku mwenyewe anapohitimu.

Sprinti ya wanafunzi iwe ya muda gani? (Kikundi cha watu watano, Dodoma)

Wiki mbili. Sprinti ni kipindi kifupi cha kazi ambacho mwisho wake mnaonyesha kitu kinachofanya kazi. Mwongozo wa Skramu, utaratibu wa ajaili unaogawa kazi kwa sprinti, unaruhusu hadi mwezi, lakini kwenye muhula wa wiki 15 mwezi mmoja ni zaidi ya robo ya muda wenu wote. Na wiki ya tesiti msiahidi chochote.

Msimamizi wangu anataka niorodheshe mahitaji yote kabla sijaandika hata mstari mmoja wa msimbo. Nifanyeje? (Mwaka wa nne, Dar es Salaam)

Usigombane naye, mwanangu. Ana fomu ya idara ya kujaza, na fomu hiyo imefuata mtindo wa maporomoko: mahitaji, usanifu, msimbo, majaribio, basi. Mwaka 1970 mtaalamu wa programu Winston Royce alichora hatua hizo zikishuka moja baada ya nyingine, na katika makala hiyohiyo akaonya kwamba kuzifuata hivyo ni kukaribisha kushindwa, kwa kuwa majaribio huja mwishoni, wakati kubadili usanifu kumeshakuwa ghali. Vyuo vingi vimechukua mchoro na kuliacha onyo.

Andika sura yako kwa mahitaji unayoyajua leo, na useme humo wazi kwamba yatapitiwa upya kila baada ya wiki mbili. Kisha ndani ya wiki tatu mpelekee kitu kinachobonyezeka, hata kama ni ukurasa wa kuingia na orodha moja. Nimewaona wasimamizi wagumu wakivuta kiti karibu mara tu walipopata kitu cha kubonyeza.

Ila kinachoniuma zaidi ni alama. Alama zikikaa zote kwenye ripoti na utetezi wa mwisho, mwanafunzi atajenga programu yake katika siku kumi za mwisho, na hapo simlaumu yeye peke yake. Fungueni rekodi ya Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo na tarehe yake, ya miradi mingi: miezi mitatu kimya, kisha usiku mmoja mafaili yote yanaingia kwa pamoja. Wahadhiri mnaonisoma, toeni alama kila baada ya wiki mbili kwa programu inayoendeshwa mbele yenu. Slaidi zisihesabiwe.

Naomba mradi uliokwisha tayari, pamoja na ripoti yake. (Hakutaja alipo)

Sina, na ningekuwa nao nisingekupa.

Kitengo chetu kimejenga mfumo wa usajili kwa Skramu: vikao kila asubuhi, ubao, sprinti kumi. Tumeuzindua, na maafisa wamerudi kwenye Excel. Tulikosea wapi? (Afisa TEHAMA wa chuo)

Ndugu yangu, nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali afisa usajili alipoketi na mfumo huo kabla ya uzinduzi. Sikupaona.

Niliwahi kuitwa kwenye chuo kimoja chenye tatizo kama lenu. Dada wa dirisha la usajili alikuwa na kompyuta mpya, na pembeni ya kibodi kaunta buku aliyoipiga mistari kwa rula. Nikamwomba niione. Ndani kulikuwa na majina ya walioahirisha mwaka kwa ugonjwa au uzazi, na waliolipa ada nusu kwa kibali cha maandishi. Mfumo ulijua hali mbili tu: amesajiliwa, hajasajiliwa. Kila asubuhi alilinganisha daftari na skrini, jina kwa jina, huku foleni ikifika nje mlangoni. Waliojenga mfumo walikuwa ghorofa moja juu yake. Mahitaji yao yote yalikuwa kwenye daftari lile, na hakuna aliyewahi kushuka kulifungua.

Shukeni. Mwenye bidhaa, yaani anayeamua mfumo ufanye nini na kipi kianze, awe mtu mmoja wa ofisi ya msajili mwenye mamlaka ya kusema hiki ndiyo, hiki hapana. Asiwe mkuu wa TEHAMA. Kila mwisho wa sprinti panga mouse iwe mikononi mwa yule dada, ninyi mkae nyuma yake mnyamaze. Tena msizindue wiki ya usajili.

Mnataka mfano, tazameni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mshirika wake wa miaka mingi. Kazi hiyo ilianzia Afrika Kusini miaka ya 1990, kwa wataalamu kukaa na wafanyakazi wa afya wa wilayani juu ya fomu zao.

Nafanya mradi peke yangu. Skramu itanifaa? (Mwanafunzi, Eldoret)

Hapana, ile ni ya timu. Tumia kanbani: safu tatu ukutani, yaani bado, inaendelea, imekwisha, na kila kazi kwenye karatasi yake. Safu ya katikati isizidi karatasi mbili. Karatasi ya tatu ikikuvutia, maliza moja kwanza.

Kikao chetu cha asubuhi kinachukua saa nzima kwa sababu mkuu wa idara anataka taarifa ya kila mmoja. (Mjenzi wa programu, Mwanza)

Kikao hicho ni cha wajenzi kupangana siku yao, na mwisho wake ni dakika 15. Nafasi ya mkuu ni mwisho wa sprinti, aione programu ikifanya kazi na aulize atakacho. Mwandikieni mwaliko kwa heshima, wenye tarehe na saa, na siku hiyo ikifika muwe na kitu cha kumwonyesha.