Je, Kanisa Katoliki Huongeza Mafundisho Mapya?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Tumefundishwa kwamba ufunuo ulikamilika na Mitume. Mbona basi Kanisa lilitangaza dogma, yaani fundisho rasmi la imani, ya Bikira Maria Kukingiwa Dhambi ya Asili mwaka 1854, na ya Kupalizwa Mbinguni mwaka 1950? Rafiki yangu Mlokole anasema hizo ni nyongeza za wanadamu, na kwamba Papa akiamka kesho na wazo jipya, sisi tutaitikia tu. Nimjibu nini?

Jibu: Milele amina. Mwambie kwanza kwamba nusu ya hoja yake ni mafundisho yetu wenyewe. Baada ya Mitume hatungojei ufunuo mwingine kwa watu wote hadi Bwana atakaporudi. Alichosema Mungu hakiongezeki. Kinachokua ni jinsi Kanisa linavyokielewa na kukitamka, kwa kusali, kusoma na kuhubiri, Roho Mtakatifu akiliongoza. Hayo utayakuta katika hati ya Dei Verbum ya Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Pili wa Vatikano, namba 4 na 8.

Kisha mpeleke kwenye jambo analoliamini yeye pia: umungu wa Kristo. Padre Arius wa Aleksandria alifundisha kwamba Mwana aliumbwa. Alikuwa na mistari yake ya Biblia, na wafuasi wake waliweza kuyatamka maneno mengi ya Maandiko bila shida, kila mmoja akiyapa maana yake. Ndiyo maana Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, ulikiri kwamba Mwana ana umungu mmoja na Baba, kwa neno la Kigiriki lisilopatikana popote katika Biblia. Wengine walilipinga kwa sababu hiyohiyo anayoitoa rafiki yako. Lakini bila neno lile jipya, imani ya kale ingepotea huku maneno ya kale yakiendelea kusomwa kila Jumapili. Watu wengi hudhani mpotovu ni yule anayeongeza tu. Arius anatufundisha kwamba mtu anaweza kupotosha akiwa ameshikilia maneno ya zamani.

Sasa, ukuaji halali tutautambuaje? Mtakatifu Visenti wa Lerins aliandika juu ya hilo yapata mwaka 434, na sijaona aliyelisema vizuri kuliko yeye. Mtoto hukua akawa mzee, na bado ni mtu yuleyule; lakini akiota kiungo kisicho cha binadamu, au akipungukiwa kimoja, huo si ukuaji tena. Mafundisho nayo hukua kwa maana ileile na hukumu ileile. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano uliyachukua maneno yake hayo mwaka 1870. Mwanateolojia Mwingereza John Henry Newman aliliandikia suala hili kitabu kizima mwaka 1845, akiwa bado Mwanglikana, na Oktoba mwaka huo akapokelewa katika Kanisa Katoliki. Katika alama saba alizozitoa, mimi huanza na hii: fundisho la kweli huyalinda yaliyolitangulia. Likiyabomoa, limeharibika.

Lipime la mwaka 1854 kwa kipimo hicho. Sikukuu ya kutungwa mimba kwake Maria iliadhimishwa karne nyingi kabla ya dogma. Hata hivyo Mtakatifu Thomas wa Akwino alisita. Aliona kwamba kama Maria hakuguswa kamwe na dhambi ya asili, basi hakumhitaji Mkombozi, na Kristo angepunguziwa heshima ya kuwa Mwokozi wa wote. Pingamizi hilo lilikuwa zito, na ni vizuri kwamba halikupuuzwa. Mwanateolojia Mwenye heri Yohane Duns Scotus alilijibu: kumkinga mtu asianguke ni kumkomboa kikamilifu zaidi kuliko kumwinua akishaanguka. Papa Pius IX alipotangaza dogma, alieleza kwamba Maria alikingiwa kwa kutazamia mastahili ya Yesu Kristo, Mwokozi wa wanadamu. Hofu ya Thomas ilipata jibu ndani ya dogma yenyewe.

Usichanganye haya na taratibu. Lugha ya Misa, saa za kufunga kabla ya Komunyo, useja wa mapadre wa Kilatini: hizo ni kanuni, na Kanisa linaweza kuzibadili. Kuna pia mambo ambayo wanateolojia bado wanajadili ni ukuaji wa namna gani, kama yale mabadiliko ya Katekisimu ya mwaka 2018 kuhusu adhabu ya kifo. Rafiki yako akikubana hapo, usijifanye kwamba hakuna mjadala.

Na hofu yake kwamba Papa ataamka na wazo jipya? Mtaguso uleule wa 1870, uliotangaza kwamba Papa hawezi kukosea anapotoa tamko rasmi na la mwisho juu ya imani au maadili, ulisema pia kwamba waandamizi wa Petro hawakuahidiwa Roho Mtakatifu ili watoe mafundisho mapya, bali wailinde na kuieleza kwa uaminifu amana ya imani iliyopokewa kwa Mitume. Msomee sehemu hiyo. Watu wengi wameisikia ile ya kwanza peke yake.