Maswali yenu: theluji ya Colorado na miteremko yake

Theluji imeshaanza kujaa milimani magharibi mwa Denver, na maswali yenu nayo yamejaa. Nimechukua manne.

Wenzangu kazini wananialika Jumamosi Berthoud Pass, kule juu milimani, kutembea kwa viatu vya theluji. Taarifa ya maporomoko ya theluji inasema hatari ni 3 kati ya 5. Si katikati tu hiyo, kaka?

Hiyo "katikati" ndiyo inayoponza watu, dada. Ngazi ya 3 maana yake poromoko linaweza kushuka lenyewe, na mtu akikanyaga pabaya kuna uwezekano mkubwa wa kulishusha. Katika ajali za vifo, takriban 9 kati ya 10 poromoko huanzishwa na marehemu mwenyewe au mwenzake. Nendeni, ila mfuate njia yenye mwinamo usiofika nyuzi 30, tena isiyopita chini ya mteremko mkali. Hilo la pili husahaulika sana: wewe uko bondeni tambarare, mzigo uko juu ya kichwa chako. Maporomoko mengi huanzia kati ya nyuzi 30 na 45, na simu yako inaweza kupima.

Wiki tatu hakujaanguka theluji, jua kila siku. Bado haijashikana tu?

Colorado theluji ya mwanzo wa msimu huwa haba na usiku wake ni baridi kali, huku ardhi iliyofunikwa ikibaki na joto kidogo. Mvuke hupanda kutoka chini, ukageuza theluji kuwa punje kubwa zisizoshikana. Msimu uliopita nilichimba shimo la kufika kiunoni. Juu pakavu pagumu, beleshi linagonga ko, ko. Chini kabisa nikachota kiganjani, ikachuruzika vidoleni kama sukari. Sasa bamba zima la theluji limekalia sukari hiyo, na linaweza kukaa wiki nyingi likingoja uzito wa mtu mmoja. Miteremko inayotazama kaskazini na mashariki ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Nimenunua redio ya kutafutana, ile ya kuvaa mwilini ili ukifukiwa na theluji wenzako wakupate. Inatosha?

Haitoshi. Itaonyesha ulipofukiwa, haitakufukua. Kila mmoja awe na yake, imewashwa, pamoja na fimbo ndefu ya kudunga thelujini kumtafuta aliyefukiwa na beleshi la chuma. Poromoko likisimama hukaza kama zege. Mkimfukua mtu ndani ya dakika 10 mara nyingi huwa hai, baada ya hapo nafasi hupungua haraka mno. Helikopta haiwahi. Na mteremko wa mashaka uvukeni mmoja mmoja, wengine wakitazama.

Ni kweli ukipiga kelele unaliamsha poromoko?

Hayo ni ya sinema. Imbeni hata taarabu. Sauti ya kuogopa ni inayotoka chini ya miguu yenu: buu! nzito, kama gunia la mahindi limebwagwa ghalani, na theluji inashuka kidogo ghafla. Tabaka la chini limevunjika. Rudini kwa nyayo zenu, siku hiyohiyo.