Maswali na Majibu: Kichwa Kinachouma kwa Ghafla

Swali (Wete): Mume wangu alikuwa akisukuma ngalawa pwani, ghafla akashikwa na kichwa kikali, akatapika. Amekunywa dawa ya maumivu na amepata nafuu. Je, ipo haja ya kwenda hospitali?

Jibu: Ipo, bibi, tena sasa hivi. Maumivu yanayofikia ukali wake wote ndani ya dakika moja, hasa mtu akiwa katika kazi ya nguvu, yanaweza kuwa ni ya mshipa uliopasuka na kuvujisha damu kandokando ya ubongo, na nafuu ya dawa haiondoi shaka hiyo. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayoonesha ndani ya kichwa, ikipigwa ndani ya saa 6 za mwanzo huonesha karibu kila damu ya aina hiyo. Baada ya hapo uwezo wake hupungua, na daktari huenda akahitaji kutoa maji ya uti wa mgongo ili atazame kama yamegeuka manjano kwa damu iliyovuja, badiliko linalochukua takriban saa 12 kudhihirika. Kwa hiyo saa yalipoanza maumivu ina thamani kubwa, na ningependa anayemsindikiza awe mtu aliyekuwa naye pale pwani.

Swali (Makunduchi): Binti yangu ana mimba ya miezi 8, kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli. Wazee wanasema ni uchovu.

Jibu: Nawaomba sana msingoje kukuche. Kuanzia wiki ya 20 ya mimba hadi wiki 6 baada ya kujifungua, kichwa cha namna hii huhesabiwa kuwa dalili ya kukaribia kifafa cha mimba mpaka presha na mkojo vipimwe. Presha ikifika 160/110 ni dharura: atapewa dawa ya kuiteremsha, pamoja na sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege.

Swali (Chake Chake): Mwanangu ana homa, kichwa na shingo iliyokakamaa, lakini kipimo hakikuonesha malaria.

Jibu: Mpelekeni hospitali mara moja. Homa ya uti wa mgongo ikishukiwa, sindano ya antibayotiki haingoji picha wala majibu ya maabara yanapochelewa.

Swali (Mwanakwerekwe): Nina kipanda uso cha miaka mingi, nami humeza dawa takriban kila siku. Kwa nini hakiponi?

Jibu: Dawa za kawaida za maumivu zikitumiwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe huweza kuleta kichwa, mwone daktari akupangie namna ya kuziacha. Kinapokuzidi, metoklopramidi ya sindano, dawa ya kuzuia kutapika ambayo pia hutuliza kipanda uso, hufaa kuliko dawa za jamii ya mofini, ambazo wagonjwa wengi huziomba. Ila kikija kwa sura usiyoizoea, usikiite kipanda uso kabla hujapimwa.