Kilo hizo huzilindi kwa njaa, dada

Mwaga hiyo juisi. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma.

Kwa wanaoingia katikati: mleta mada ana miaka 61, urefu sentimita 151, katoka kilo 62 hadi 50 kwa miezi mitano na anauliza afanye nini asirudi alikotoka. Mpango wake ni kuendelea na "programu" ileile ya kalori 800, yaani juisi ya kijani asubuhi, tunda mchana, mlo mmoja jioni, tena ashuke mpaka 46 ili awe na akiba siku akiteleza. Kaweka na maswali mengine ya chai, ngozi ya mikono, matunda ya usiku na chapati za Jumapili. Mimi nimeishia hapo kwenye neno "akiba", damu ikanipanda. Hilo shimo nalijua, nimeshalilalia.

Dada yangu, uzito hauwekewi akiba kama mahindi ghalani. Chukua kalamu. Kilo zako zidisha kwa 10. Urefu wako kwa sentimita zidisha kwa 6.25, jumlisha. Umri zidisha kwa 5, toa. Halafu toa 161. Hiyo inaitwa fomula ya Mifflin-St Jeor, na kwa mwanamke wa vipimo vyako inatoa kama kalori 978. Hizo ni za kulala kitandani na kupumua tu. Ukiwa mtu wa kufagia, kwenda sokoni na kupanda ngazi mbili tatu, zidisha kwa 1.4, unapata kama 1,370. Wewe unakula 800. Kila siku mwili unadai 570 na haulipwi.

Deni hilo halilipwi na mafuta ya tumboni peke yake, na hapo ndipo tunapodanganywa. Mtu akipungua kwa kujinyima bila mazoezi ya nguvu na bila protini ya kutosha, takriban robo ya anachopoteza si mafuta, na sehemu kubwa ya hiyo robo ni misuli. Kwenye kilo zako 12, kama 3 ni hizo. Juisi, papai na sahani moja ya jioni ukijitahidi sana vinakupa protini gramu 25 au 30. Mtu wa umri wetu anahitaji gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo, kwa hiyo wewe unatakiwa kufika 50 mpaka 60. Nusu inakosekana kila siku inayokwenda kwa Mungu, na mwili unaichota mapajani na mabegani.

Sasa sikia kinachofuata, maana hiki ndicho kinachogharimu. Hakuna binadamu anayeishi kwenye kalori 800. Itakuja arusi, itakuja Idi, utauguza mtu hospitalini wiki mbili unakula cha mgahawani. Kilo zitarudi, na zikirudi kwa kula tu zinarudi karibu zote kama mafuta. Misuli hairudi kwa kula, inarudi kwa kubebeshwa mzigo. Kwa hiyo ukifika 58 tena hutakuwa yule wa 58 wa zamani. Utakuwa na kiuno kipana zaidi na miguu dhaifu zaidi, kwenye mizani ileile. Kwangu zilirudi 9, zote zikajipanga mbele. Nyama uzembe yenye vyeti kamili. Kigoda cha jikoni kikawa hakiniachii mpaka nishike meza, na msinicheke, na nyinyi mna vigoda.

Na hiyo 46 unayoitamani: kwa urefu wako, kilo 50 ni BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) karibu 22, na 46 ni kama 20. Kijana wa miaka 25 anaweza kukaa hapo akastarehe. Mwanamke aliyekwisha koma hedhi mifupa yake tayari inapungua uzito, na kuufanya mwili mwepesi zaidi kwa njaa ni kuiongezea mifupa safari. Ukianguka bafuni na nyonga ikavunjika, hakuna atakayeuliza ulikuwa na kilo ngapi. Baki hapo kwenye 50. Hata 52 yenye miguu imara naichukua mbele ya 46 ya kutetemeka.

Nani alikuambia uendelee na 800? Usinijibu, nawajua. Kocha wa mtandaoni mwenye kopo la unga wa kijani na kikundi cha WhatsApp ambako kila alfajiri mnatuma picha ya mizani. Anayepungua anapigiwa vigelegele, anayepanda anaambiwa "hujitumi". Wa kwangu aliniuzia makopo manne ya "kuondoa sumu". Nilipomuuliza sumu gani hasa, alinitumia kikatuni cha ini linalocheka. Ini na figo zinaondoa taka za mwili bure, mchana na usiku, bila kopo. Na zile "kilo 3 wiki ya kwanza" alizokutangazia kwa maua ni maji. Wanga unaohifadhiwa kwenye misuli na ini hukaa na maji, kama gramu 3 za maji kwa kila gramu ya wanga. Ukiacha kula, wanga unatoka na maji yake. Kocha anapiga picha.

Maji hayohayo ndiyo yatakutisha ukianza kula vizuri, kwa hiyo nisikilize hapa zaidi ya popote. Usiruke kutoka 800 hadi 1,370 kwa siku moja. Ongeza kama 150 kila wiki: wiki ya kwanza 950, ya pili 1,100, ya tatu 1,250, ya nne ufike kati ya 1,350 na 1,370. Cha kwanza kuongeza ni protini, si mkate. Ndani ya siku chache mizani itapanda kilo moja, hata moja na nusu. Hapo ndipo wengi wanapiga kelele, wanarudi kwenye juisi, na gurudumu linaanza upya. Kaa na hesabu: kilo moja ya mafuta ni kama kalori 7,700. Ili upate kilo 1.2 ya mafuta kwa siku tatu ungepaswa kula zaidi ya kalori 3,000 za ziada kila siku, juu ya chakula chako chote. Hujala hizo. Ni maji, chumvi, na chakula ambacho bado kiko njiani tumboni. Vumilia wiki mbili, kinatulia.

Sahani yenyewe. Asubuhi mayai mawili ya kuchemsha na glasi ya mtindi au maziwa ya mililita 250 usiyotia sukari, hapo una protini gramu 20. Kipande cha kiazi kitamu cha gramu 100 pembeni. Mchana maharage yaliyoiva gramu 200 hivi, yana protini kama 17, na wali gramu 100. Najua ni kidogo. Ni kama ngumi yako iliyofungwa, na ngumi yako ni ndogo kwa sababu wewe ni mdogo. Jioni samaki gramu 100 au kuku asiye na ngozi, mboga za majani nusu sahani, ugali kipande kisichozidi gramu 150. Dagaa wakavu usiwadharau: gramu 30 tu zina protini zaidi ya 15, na ukiwatafuna na mifupa yao unapata kalsiamu, ambayo baada ya miaka 50 tunatakiwa kufikisha miligramu 1,200 kwa siku. Wakaange kikavu, uwamalizie na nyanya na limau. Ukiwadumbukiza kwenye mafuta umewageuza karanga.

Mpangilio wa kula: anza na samaki au maharage, halafu mboga, wanga mwisho. Nimeona watu wanaanza na ugali, wakifika kwenye kitoweo wameshiba, kitoweo anapewa mjukuu. Huo ni upendo, lakini ni misuli yako umempa.

Kwa mwanamke mfupi kinachovunja hesabu mara nyingi ni mafuta ya kupikia. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120. Ukimimina kutoka kwenye dumu kwa kukadiria, vijiko vitatu vinaingia kwenye mchicha wa watu wawili na hujui. Mimina kwenye kijiko kwanza, kijiko kiende sufuriani. Tui zito na karanga za kusaga kwenye kisamvu ni hadithi hiyohiyo. Kiganja cha karanga, gramu 30, ni kama kalori 170. Na usipakue sawa na baba watoto. Mwanaume wa miaka 65 mwenye sentimita 175 na kilo 80, kwa hesabu ileile (yeye badala ya kutoa 161 anajumlisha 5), anahitaji kama 2,200. Mkila sahani mbili zinazofanana, mmoja wenu ananenepa, na si yeye.

Chapati ya Jumapili kula. Moja, ya mafuta kidogo, mahali pa wali, si juu ya wali. Usijidanganye kwamba utaitembelea, maana kilomita 4 kwa mwili wa kilo 50 zinachoma kalori 100 na kidogo juu ya zile ambazo ungetumia umekaa, na chapati ya kawaida inazidi mara mbili ya hapo. Kutembea ni kuzuri kwa moyo na sukari. Kulinda misuli ni kazi nyingine.

Kazi hiyo ni hii, siku tatu kwa wiki, siku ya kupumzika katikati. Kiti imara kisicho na magurudumu, kisukumie ukutani. Kaa, simama, kaa polepole ukihesabu mpaka tatu, mara 8 hadi 10. Pumzika dakika mbili, rudia, mizunguko mitatu. Magoti yakilalamika weka mto juu ya kiti, kikiwa juu kazi inapungua. Halafu ukuta: simama hatua moja kutoka ukutani, viganja usawa wa kifua, jisukume kama pushapu, mizunguko mitatu. Halafu dumu: lita 3 za maji ni kilo 3, inama kidogo mgongo ukiwa umenyooka, livute kuelekea kiunoni mara 10 kila mkono. Mwisho simama kwa vidole vya miguu ukishika meza. Ukiona marudio 12 hayakutoi jasho, usiongeze idadi, ongeza maji. Lita 4, halafu 5. Wengi hukosea hapa, wanabaki na chupa ya nusu lita mwaka mzima wakiipunga kama wanasalimia msafara.

Mizani: mara tatu kwa wiki, asubuhi, umeshatoka chooni, hujanywa kitu, kanga moja. Andika, mwisho wa wiki chukua wastani, namba ya siku moja isikusumbue. Iweke kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, juu ya zulia au mkeka inadanganya. Ukiishuku, pima ndoo tupu, tia lita 10 za maji, pima tena: tofauti iwe kilo 10. Uwanja wako ni kati ya 49 na 51.5. Wastani ukizidi 52 kwa wiki mbili mfululizo, punguza kalori 150, uzitoe kwenye mafuta na wanga, mayai usiyaguse. Ukishuka chini ya 49 bila kutaka, ongeza, na ukiendelea kushuka ukiwa unakula nenda kapimwe. Futi ya fundi cherehani nayo iwe karibu: kiuno chako kikae chini ya sentimita 75, yaani karibu nusu ya urefu wako.

Kitu kimoja hukukitaja. Kama unatumia dawa za presha au za sukari, hasa glibenclamide au insulini, dozi uliyopewa ukiwa na kilo 62 inaweza kuwa kubwa kwa mwili wa kilo 50 unaokula mara moja. Kizunguzungu ukisimama, jasho la ghafla na mikono kutetemeka usiviite "sumu inatoka" kama wanavyosema kule kikundini. Nenda kliniki na dawa zako mkononi, usizipunguze mwenyewe.

Ulikuwa na swali la chai na la ngozi, nimeona, nitarudi nikitulia. Kwanza fanya hili la kiti. Kiti cha kawaida cha kulia chakula, mikono umeikunja kifuani, mtu akushikie saa ya simu sekunde 30, uhesabu umesimama wima mara ngapi. Kwa mwanamke wa miaka 60 hadi 64, chini ya 12 ni dhaifu. Andika hapa namba uliyopata. Kilo usiandike, sizitaki.